Krismasi Ilivyofundishwa Nyumbani

Katika mazungumzo haya nataka kuwaelezeni habari za mambo machache ambayo watu huyafanya nyumbani mwao kabla ya Sikukuu ya Krismasi: taji la mishumaa, kalenda ya kuhesabia siku, nyota ya karatasi, na pango lenye sanamu ndogo za udongo. Wengi wetu tumepata kuyaona makanisani, au katika picha, au madukani mijini, tukadhani ya kuwa yalibuniwa na wafalme, au maaskofu, au wafanya biashara. Habari yenyewe sivyo ilivyo. Mengi ya hayo yalianzwa na mwalimu mbele ya watoto wake, au na mama mezani pake, kwa sababu palikuwa na mtoto aliyeuliza swali, na yule mkubwa akaona ni heri kumjibu kwa kazi ya mikono.

Ziko jamaa katika nchi mbalimbali ambazo huwasomesha watoto wao nyumbani mwaka mzima, na kwao mwezi wa Desemba huwa na masomo ya namna hii. Lakini hata sisi tunaopeleka watoto shuleni tunajua ya kuwa wakati wa Krismasi shule hufungwa, na mtoto hubaki mikononi mwa wazazi wake. Wako wasemao kwamba likizo ni wakati wa mtoto kusahau aliyofundishwa. Mimi ni mwalimu wa waalimu, na neno hilo silikubali. Tazameni jinsi watu wengine walivyoutumia wakati huo, kisha mpime wenyewe.

Sehemu kubwa ya habari hizi ni ya nchi ya Ujerumani, ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Iko sababu. Katika mwaka wa 1529 Martin Luther alitoa Katekisimu yake Ndogo, na juu ya sehemu zake aliandika kwamba hivi ndivyo inavyompasa mwenye nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Kazi ile aliiweka juu ya mabega ya baba mwenye nyumba. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1535, ulipigwa chapa wimbo wake wa Krismasi ambao aliutunga kwa ajili ya watoto, maana yeye mwenyewe alikuwa na watoto wadogo. Basi watu wa nchi ile walizoea kuiona nyumba kuwa ni mahali pa kufundishia habari za Mungu, na sikukuu za Kanisa wakazifanya pia kuwa sikukuu za chumbani. Habari za mti wa Krismasi zasemwa sana kila mwaka, nami sitakaa juu yake. Nitataja jambo moja tu. Katika mwaka wa 1605 mtu mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika ya kuwa katika mji wa Strasbourg watu walisimamisha misonobari vyumbani mwao, wakaitundika maua ya karatasi, na matofaa, na vitu vya sukari. Aliandika vyumbani mwao, wala si kanisani.

Sasa na twende katika mji wa Hamburg, bandari kubwa ya kaskazini, tumwangalie mtu mmoja aliyeitwa Johann Hinrich Wichern.

Wichern alizaliwa mwaka wa 1808, mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto saba. Alipokuwa na umri wa miaka 15 baba yake alifariki, na kijana akalazimika kufundisha watoto wa watu ili asaidie kuwalisha wadogo zake. Baadaye wahisani walimsaidia, akaenda kusoma elimu ya dini katika vyuo vya Göttingen na Berlin. Aliporudi kwao mwaka wa 1832 akawa mwalimu mkuu wa shule ya Jumapili katika mtaa wa St. Georg, uliojaa maskini. Hakutosheka kungoja watoto waje darasani. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaona jinsi walivyolala wengi katika chumba kimoja cha unyevu, jinsi baba wengine walivyokunywa mshahara wote, na jinsi mtoto wa miaka saba au minane alivyojifunza kuomba na kuiba kabla hajajifunza herufi.

Serikali za siku zile zilikuwa na dawa moja kwa watoto wa namna hiyo, nayo ni nyumba kubwa yenye kuta na makomeo. Wichern aliona ya kuwa dawa hiyo haiponyi. Katika mwaka wa 1833 bwana mmoja mwenye cheo katika mji, Karl Sieveking, alimpa kijumba cha zamani chenye paa la nyasi, katika kijiji cha Horn nje ya mji. Nyumba hiyo iliitwa Rauhes Haus. Wichern aliingia humo pamoja na mama yake na dada yake, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa na wavulana 12. Hapakuwa na ukuta, wala lango la kufungwa. Mtoto alipofika aliambiwa ya kuwa makosa yake yote ya nyuma amesamehewa, wala hayatatajwa tena. Watoto walipoongezeka hawakurundikwa katika bweni moja. Walijengewa vijumba, kila kijumba watoto kama 12 na kijana mmoja wa kuwaangalia mfano wa kaka mkubwa, wakapika, wakalima, wakashona viatu, wakasoma. Wichern alitaka yule asiyekuwa na nyumba apate nyumba, na mengine yafuate.

Sasa fikirini mtoto wa namna hii na Krismasi. Mtoto aliyelelewa na wazazi wake anakumbuka Krismasi ya mwaka jana, naye anajua ya kuwa itakuja tena. Mtoto aliyelala chini ya ngazi za watu hana la kukumbuka, na ahadi za watu wazima amezisikia mara nyingi bila kuziona zikitimizwa. Yasimuliwa ya kuwa watoto wa Rauhes Haus walimwuliza Wichern kila siku, tena na tena, kama leo ndiyo Krismasi. Mwalimu mwingine angaliwanyamazisha. Yeye, katika mwaka wa 1839, alichukua gurudumu kuukuu la gari, akalitundika katika ukumbi wa sala, akapanga juu yake mishumaa: midogo 20 ya rangi nyekundu, na mikubwa minne myeupe. Kila siku walipokusanyika kwa sala mshumaa mmoja mwekundu uliwashwa zaidi ya ule wa jana, na kila Jumapili uliwashwa mweupe. Hata mkesha wa Krismasi, mishumaa yote 24 ilikuwa inawaka.

Wanafunzi, hapa pana hesabu nzuri, nanyi mtaniwia radhi nikisimama kidogo. Majilio ni majuma yaliyo kabla ya Krismasi, na daima yana Jumapili nne. Katika mwaka ule wa 1839 Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 1 Desemba. Tangu tarehe 1 hata tarehe 24 ni siku 24. Ondoeni Jumapili nne, zimebaki siku 20, ndiyo mishumaa myekundu. Lakini je, kila mwaka ni hivyo? Sivyo. Krismasi ikiangukia Jumatatu, kama ilivyokuwa mwaka wa 2023, basi Jumapili ya nne ya Majilio ni mkesha wenyewe, na siku zote ni 22 tu. Ikiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa mwaka wa 2022, siku ni 28. Kwa hiyo mtoto wa Rauhes Haus aliyepewa kazi ya kutengeneza gurudumu hakuweza kunakili la mwaka jana. Ilimpasa ahesabu upya. Mimi naona hili ni somo bora kuliko kurasa nyingi za vitabu vya hesabu, kwa sababu aliyekosea hesabu alibaki na mshumaa mkononi siku ya Krismasi, na wenzake wote wakamwona.

Na somo la jiografia limo pia. Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea mchana wa saa 12 na usiku wa saa 12, mwaka nenda mwaka rudi. Hamburg sivyo. Katika mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi alasiri limekwisha kutua, tena mara nyingi halionekani hata hizo saa chache kwa sababu ya mawingu. Kila siku mchana hupungua kidogo, hata ifike tarehe 21 au 22 ya mwezi. Basi kule nje giza lilipokuwa likizidi, ndani mwanga ulikuwa ukizidi, mshumaa mmoja kila siku. Mtu asiyeijua baridi na giza la nchi zile hawezi kufahamu kwa nini watu wake wanapenda sana mishumaa katika sikukuu hii, naye huiga mishumaa asijue sababu.

Gurudumu lile halikufaa nyumba ndogo. Watu waliolipenda walipunguza mishumaa hata ikabaki minne ya Jumapili, wakafunga matawi mabichi ya msonobari kwa mviringo, nayo ndiyo ile iitwayo taji la Majilio. Katika mwaka wa 1925 taji hilo lilitundikwa katika kanisa moja la Kikatoliki mjini Cologne, na tangu hapo likaenea pande zote mbili. Wichern alifariki mwaka wa 1881, na nyumba yake ingaliko hata leo, ikitunza watoto, vijana na wazee.

Katika nyumba za watu wengine kuhesabu siku kulifanyika bila gharama hata ya mshumaa. Baba alichukua chaki, akapiga mistari 24 juu ya mlango, na mtoto akapewa ruhusa kufuta mmoja kila siku. (Sijui mtoto asiyependa kufuta ubao.) Katika nyumba za Wakatoliki palikuwa na desturi iliyo nzuri zaidi kwa maoni yangu: hori tupu liliwekwa pembeni, na mtoto akatia humo unyasi mmoja kila siku, ili Mtoto Yesu akija asilale juu ya mbao tupu. Chaki na unyasi! Hakuna nyumba iliyo maskini hata ikakosa vitu hivyo.

Basi palikuwa na kijana mmoja, Gerhard Lang, aliyezaliwa mwaka wa 1881 katika mji wa Maulbronn, kusini mwa Ujerumani. Alipokuwa mtoto mama yake alichora vyumba 24 juu ya karatasi ngumu, na juu ya kila chumba akabandika biskuti ndogo tamu. Gerhard aliruhusiwa kula moja kwa siku. Yaelekea mama yule alitaka apumzike na maswali, kama mama wengine. Lakini mtoto alikua akawa mpiga chapa mjini Munich, asisahau karatasi ile, na katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 akapiga chapa kalenda za watoto: karatasi moja yenye vyumba 24, na nyingine yenye picha 24 za kukata na kubandika. Baadaye, yapata mwaka wa 1920 na baada yake, zikatokea kalenda zenye vidirisha vya kufungua, na nyuma ya kila kidirisha picha. Lang alichapa namna nyingi, zapata 30, kila moja imechorwa na msanii hodari.

Kisha vita vikaingia. Karatasi ikawa haba, na kiwanda cha Lang kilikuwa kimekwisha kufungwa. Hata hivyo watawala wa Nazi walijua nguvu ya karatasi ile katika nyumba zenye watoto, maana chama chao kilitoa kalenda zake kwa ajili ya akina mama na watoto, na habari za Kristo zikaondolewa humo. Msomaji na aangalie jambo hili kwa makini. Watu wanaotaka kutawala mioyo ya taifa hawakudharau kibao cha kuhesabia siku kilichotundikwa jikoni. Vita vilipokwisha, katika mwaka wa 1946, mtu mmoja wa Stuttgart aitwaye Richard Sellmer alipata ruhusa na karatasi kutoka kwa Wamarekani walioushika mji, akachapa tena kalenda ya Majilio, naye akaipa picha ya mji mdogo mzima wenye madirisha, wakati mji wake mwenyewe ulikuwa magofu.

Hadithi ya nyota yatugusa sisi wa Afrika ya Mashariki kwa karibu zaidi.

Katika mwaka wa 1722 wakimbizi wa dini kutoka nchi ya Moravia walijenga kijiji cha Herrnhut katika shamba la bwana mmoja, Zinzendorf. Hao ndio chanzo cha Kanisa la Moravian kama tulijuavyo. Hawakuwa watu wengi, lakini tangu mwaka wa 1732 walipeleka wamisionari mbali sana: visiwa vya West Indies kwa watumwa, Greenland kwenye barafu, Suriname, Afrika ya Kusini, Labrador. Na katika mwaka wa 1891 Theodor Meyer na wenzake walifika kwa njia ya Ziwa Nyasa, wakajenga Rungwe katika nchi ya Wanyakyusa. Watu wa Mbeya na Tukuyu hawahitaji kuelezwa na mimi.

Wamisionari hao walikuwa na watoto. Kanisa lao liliona ya kuwa mtoto akifika umri wa shule hana budi kurudishwa Ujerumani, ili asome na ili asife kwa homa. Basi watoto wadogo walitiwa merikebuni, wakapelekwa katika shule za bweni kama ile ya Kleinwelka, na wengi hawakuwaona tena wazazi wao kwa miaka mingi, na wengine hawakuwaona kamwe. Kwenda Labrador ilikuwako merikebu moja tu ya misioni kwa mwaka. Mtoto aliyekuwa na wazazi huko alipata barua merikebu iliporudi, kisha akangoja mwaka mwingine. Mimi nawaheshimu sana wamisionari wale kwa kazi yao. Lakini katika jambo hili la watoto siwezi kusema ya kuwa gharama ilikuwa ndogo, au kwamba walioilipa ndio waliokuwa wameulizwa.

Katika shule hizo za bweni ndimo ilimozaliwa nyota. Shule ya Niesky ilipokuwa na sikukuu yake ya jubilei, mwaka wa 1821, ilitundikwa nyota kubwa yenye miale 110, nayo ilitiwa taa ndani. Waalimu walikuwa wakiitumia kazi hiyo kufundisha hesabu ya maumbo. Ikawa desturi ya kuwa Majilio yakianza wavulana huketi mezani wakiwa na karatasi, mkasi na gundi, wakatengeneza nyota zao, na waliokuwa na jamaa karibu wakaenda nazo nyumbani na kuwafundisha wazazi na ndugu zao kuzitengeneza. Angalieni jinsi mambo yalivyopinduka: mtoto ndiye aliyekuwa mwalimu wa nyumba.

Nyota iliyo ya kawaida leo ina miale 25. Anayetaka kujua hesabu yake na afuate hapa. Fikiri ngoma fupi ambayo ubavu wake umezungukwa na miraba minane. Juu ya ubavu huo panga miraba minne na pembetatu nne kwa zamu, zikiinama kuelekea katikati, na juu kabisa mraba mmoja. Chini fanya vivyo hivyo. Hesabu: miraba 18 na pembetatu 8, jumla nyuso 26. Juu ya kila uso simamisha mwale uliochongoka, wenye kitako cha pande nne juu ya mraba, na cha pande tatu juu ya pembetatu. Lakini uso mmoja ulio mraba huachwa wazi, maana hapo ndipo taa inapoingilia na nyota inapotundikiwa. Ndipo inabaki miale 17 ya pande nne na 8 ya pande tatu. Mtoto akikata mwale mmoja mpana kuliko wenzake, nyota haifungi. Hakuna haja ya mwalimu kutia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Karatasi yenyewe yasema.

Mtu mmoja aliyesoma katika shule hizo, Pieter Verbeek, alianza kutengeneza nyota na kuziuza katika duka lake la vitabu huko Herrnhut yapata mwaka wa 1880, na mwanawe Harry akaanzisha kiwanda. Hata leo kiwanda kiko, nyota huuzwa nchi nyingi, na hufika katika kisanduku zikiwa vipande vipande ili mnunuzi na watoto wake waziunge wenyewe.

Kanisa hilo hilo lilikuwa limekwisha kuwapa watoto kitu kingine zamani. Katika Krismasi ya mwaka wa 1747, mahali paitwapo Marienborn, Johannes de Watteville alimpa kila mtoto mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu, akawaeleza maana yake. Desturi hiyo ikaenea, hata katika mwaka wa 1968 ikaingia katika Kanisa la Uingereza, na mshumaa sasa ukachomekwa katika chungwa, ndilo mfano wa dunia. Machungwa tunayo sisi, tena mengi kuliko wao.

Habari ya mwisho ni ya pango. Kila mtu husimulia ya kuwa Mtakatifu Fransisko aliandaa hori lenye nyasi, na ng'ombe na punda, katika kijiji cha Greccio mwaka wa 1223, na ndivyo ilivyokuwa. Baada yake mapango yaliwekwa makanisani kwa mamia ya miaka. Lakini yalifikaje majumbani? Mara nyingine yaliingizwa na amri ya waliotaka kuyaondoa. Katika mwaka wa 1782 Kaizari Joseph II wa Austria, aliyeona ya kuwa mambo haya ni mchezo wa kitoto usioifaa dini, aliyapiga marufuku makanisani. Watu wa milima ya Tyrol hawakubishana naye. Waliyachukua mapango nyumbani, wakachonga sanamu nyingine za mti jioni za baridi, baba na wana, na desturi ikashika mizizi kuliko zamani.

Kusini mwa Ufaransa, katika jimbo la Provence, mambo yalikwenda karibu sawasawa. Wakati wa mapinduzi makubwa, tangu mwaka wa 1793, makanisa yalifungwa, na pamoja nayo mapango. Katika mji wa Marseille alikuwako fundi mmoja wa sanamu, Jean-Louis Lagnel. Alitengeneza kalibu za plasta, akakandamiza udongo wa mfinyanzi ndani yake, akatoa sanamu ndogo kama kidole, zikakaushwa bila kuchomwa, zikapakwa rangi. Kwa kuwa kalibu moja yatoa sanamu nyingi, bei yake ilikuwa ndogo, na hata mvuvi aliweza kuwanunulia watoto wake moja kila mwaka. Sanamu hizo huitwa santon, maana yake ni mtakatifu mdogo, na soko lake Marseille lilianzishwa mwaka wa 1803, nalo hufanyika mpaka leo kila Krismasi inapokaribia.

Kinachonipendeza mimi ni watu walio katika pango hilo. Yosefu na Mariamu wapo, na wachungaji na Mamajusi. Lakini yupo pia muuza samaki na kikapu chake, msaga ngano na gunia la unga begani, mnoa visu na jiwe lake, mwanamke mchota maji, mpiga ngoma, na mzee kipofu akiongozwa na kijana wake. Hao ni watu wa kijiji cha Provence chenyewe, wamevaa nguo za kwao, kila mmoja akileta alicho nacho. Mtoto anayepanga sanamu hizo mezani hujifunza kazi za kijiji chake moja moja, na majina yake, na vyombo vyake. Mfinyanzi wa kwetu angeweza kuwafinyanga mtwanga mpunga, na mgema, na fundi baiskeli, wala sioni ni nani angekatazwa kuingia pangoni.

Maandalizi ya pango hilo huanza mapema. Tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, watoto wa Provence hupewa visahani vitatu, wakatandika ndani pamba iliyolowa, na juu yake wakamwaga punje za ngano. Visahani huwekwa mahali penye joto, na mtoto hutia maji kidogo kidogo, maana yakizidi mbegu huoza na yakipungua hukauka. Siku ya nne au ya tano vichipukizi vyeupe huonekana. Ifikapo Krismasi majani yamesimama mabichi, urefu wa kiganja, nayo hufungwa utepe yasianguke. Hapo visahani hupelekwa mezani na kuwekwa kando ya pango, viwe shamba la kijiji kile cha udongo, na mnoa visu na muuza samaki husimamishwa pembeni mwake.